Zamu ya Kupeleka: Somo juu ya Kugawana Njia ya Data Isiyo na Waya



Somo la leo linahusu jambo tunalokutana nalo kazini kila siku bila kulipa jina. Faili linapakiwa nusu saa na halifiki. Risiti ya kodi inazunguka kwenye kioo huku mteja amesimama na mzigo wake mkononi. Mashine ya kuwekea kidole asubuhi inasema "jaribu tena", na dakika zinakwenda. Kisha mwisho wa mwezi msimamizi anatoa karatasi: huyu ametuma fomu 400, yule 250. Yule wa 250 anaambiwa ni mzembe, na pengine posho yake inakatwa.

Hatusemi kwamba hakuna mfanyakazi mzembe, wapo. Lakini mwakilishi wa wafanyakazi anayekwenda kumtetea mwenzake hana budi kujua kwamba katika ofisi yenye njia moja ya hewani, watu kumi wenye bidii sawa hawapeleki sawa. Sababu zake zinaelezeka na zinapimika. Hazihitaji digrii, na mtu aliyezielewa hanyamazishwi kwa maneno ya kigeni.

Hapa Kigali jambo hili lina uzito wa pekee. Mpaka mwaka 2009 intaneti ya nchi yetu ilitegemea sana setilaiti, ghali na ya polepole. Mwaka huo waya wa baharini wa SEACOM ulifika pwani ya Afrika Mashariki, na waya za nchi kavu zikaileta njia hiyo mpaka Rwanda kwa kupitia majirani. Mwaka 2013 Serikali iliungana na kampuni ya KT ya Korea Kusini kuunda Korea Telecom Rwanda Networks, na Novemba 2014 mtandao wa 4G ukafunguliwa mjini. Kwa miaka mingi kampuni hiyo peke yake ndiyo iliyokuwa na haki ya kuuza 4G kwa jumla. Kufikia mwaka 2023 kampuni za simu zilianza kuendesha mitandao yao wenyewe. Mwaka huo huo wa 2013 Mamlaka ya Mapato ilianza kuwataka wafanyabiashara waliosajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani watumie mashine za kielektroniki za risiti. Basi njia imepanuka, na kazi zinazopita humo zimeongezeka pamoja nayo. Tena nyingi katika kazi hizo ni za kupeleka: risiti, fomu, picha za vitambulisho, ripoti, picha za kamera.

KUPAKIA NA KUPAKUA

Tuelewane kwanza juu ya maneno. Kupakua ni kuleta kitu kutoka nje kije kwenye chombo chako, kama vile kutazama video. Kupakia ni kupeleka kitu kutoka kwenye chombo chako kiende nje. Kampuni zinapotangaza mwendo wa intaneti, kwa kawaida namba kubwa ile ya kwenye bango ni ya kupakua. Ya kupakia huwa ndogo zaidi, na mara nyingi haiandikwi mpaka uiulize.

Kuna sababu ya maumbile pia. Mnara wa simu unarusha mawimbi kwa nguvu ya makumi ya wati. Simu iliyo mfukoni mwako, ikijitahidi sana, inarusha wati 0.2 tu, ili betri isiishe upesi. Mnara unapiga kelele, simu inanong'ona. Ndiyo maana mtu aliye bondeni, nyuma ya kilima, anaweza kutazama mpira bila taabu na papo hapo akashindwa kupeleka picha moja.

BOMBA MOJA, JERIKANI NYINGI

Sasa tuingie ofisini. Ruta ya waifai imewekwa ukutani, na vyombo vyote vya chumba hicho vinatumia masafa yale yale. Kwa wakati mmoja ni chombo kimoja tu kinachoweza kusema katika chaneli hiyo. Wawili wakisema pamoja, maneno yanagongana na hakuna linalosikika.

Nani basi anagawa zamu? Wengi hudhani ni ruta. Kwa kawaida sivyo. Katika waifai ya kawaida vyombo vinajigawia vyenyewe, kwa kanuni iliyozaliwa visiwani. Mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii waliviunganisha vituo vya visiwa mbalimbali kwa redio. Kanuni yao ilikuwa nyepesi: ukiwa na la kusema, sema, usipojibiwa, ngoja muda wa kubahatisha, useme tena. Ilifanya kazi, lakini kwa hasara kubwa. Hesabu inaonyesha kwamba njia ya namna hiyo haiwezi kutumika kwa faida zaidi ya asilimia 18 ya uwezo wake. Zinazobaki ni migongano na ukimya.

Waifai, ambayo kanuni zake zilitolewa mara ya kwanza mwaka 1997, iliongeza adabu. Chombo husikiliza kwanza. Kikisikia mwingine anasema, hungoja. Njia ikinyamaza, kila chombo chenye la kusema huchukua namba ya bahati nasibu, tuseme kati ya 0 na 15, na kuhesabu kurudi nyuma. Anayefika sifuri wa kwanza ndiye anayesema. Wawili wakifika pamoja wanagongana, na kwa kuwa chombo kinaposema hakiwezi kusikia wengine, kinajua kuna mgongano kwa kukosa jibu la "nimepokea". Hapo kinapanua bahati nasibu yake maradufu, 0 mpaka 31, na kuendelea hivyo mpaka 1023 kikishindwa tena na tena.

Katika muda mrefu kanuni hii inampa kila mmoja idadi sawa ya zamu. Mtu angesema haki imetendeka. Lakini hebu tulitazame bomba la maji la mtaani. Watu watano wamepanga foleni, kila mmoja ajaze jerikani moja kisha ampishe mwenzake. Wanne wana jerikani zenye mdomo mpana. Wa tano, mama mmoja, jerikani yake ina mdomo mwembamba kama wa chupa, na maji lazima yaingie taratibu. Zamu ni sawa, jerikani ni sawa, ila kila zamu ya mama huyo ikifika wote wanasimama kungoja.

Ndivyo ilivyo ofisini. Chombo kilicho karibu na ruta kinapeleka, kwa mfano, megabiti 54 kwa sekunde. Kilicho mwisho wa korido, nyuma ya kuta mbili za zege, kinajipunguza chenyewe mpaka megabiti 6 ili kieleweke. Kipande cha data kinachomchukua wa karibu dakika moja ya mfano kitamchukua wa mbali dakika tisa. Wakiwa wanne wa karibu na mmoja wa mbali, mzunguko mmoja wa zamu ni 4 na 9, jumla 13. Kila mtu, awe wa karibu au wa mbali, anapata 54 gawanya kwa 13, yaani megabiti 4.15. Kama wote watano wangekuwa karibu, kila mmoja angepata 10.8. Kwa maneno ya kazini: faili la megabaiti 100, ambalo lingepakiwa kwa sekunde 74, sasa linachukua zaidi ya dakika tatu, kwa kila mtu chumbani. (Katika hali halisi mambo huwa mabaya kidogo kuliko hesabu hii, kwa sababu muda wa kungoja, kuhesabu na kujibu nao unakula.)

Jambo hili lilielezwa waziwazi mwaka 2003 na watafiti wa Grenoble, Ufaransa. Ni ugonjwa ambao ruta mpya haiuponyi.

SAWA KWA KIPIMO GANI?

Wahandisi wakatafuta dawa: badala ya kugawa zamu, tugawe muda. Kila mmoja apewe dakika sawa za bomba. Mwenye mdomo mpana atajaza nyingi, mwenye mdomo mwembamba atajaza kidogo. Katika mfano wetu kila mtu anapewa moja ya tano ya muda. Wanne wa karibu wanarudi kwenye megabiti 10.8. Wa mbali anashuka kutoka 4.15 mpaka 1.2. Faili lake la megabaiti 100 sasa linachukua dakika 11.

Ndugu, hapa ndipo penye somo lenyewe. Zote mbili zinaitwa usawa. Ya kwanza ni usawa wa zamu, ya pili usawa wa muda. Ya pili inaongeza jumla ya kazi ya ofisi kutoka megabiti 20.8 hadi 44.4, na mwenye ofisi akiitazama jumla atafurahi. Mfanyakazi wa mwisho wa korido, ambaye hakuchagua kukaa huko, ndiye anayelipa.

Kuna hata kipimo cha usawa, kilichoandikwa mwaka 1984 na Raj Jain na wenzake wawili katika kampuni ya kompyuta ya DEC. Jumlisha mafungu ya watu wote, kisha zidisha jumla hiyo kwa yenyewe. Pembeni, zidisha kila fungu kwa lenyewe, jumlisha majibu, kisha zidisha kwa idadi ya watu. Gawanya ile ya kwanza kwa hii ya pili. Jibu likiwa 1, mafungu ni sawa kabisa. Likishuka, usawa umepungua. Kwa mgawo wa zamu, ambapo wote wanapata 4.15, jibu ni 1. Kwa mgawo wa muda ni 0.84. Mtu akishika kipimo hiki peke yake atasifu chumba ambamo wote wanateseka pamoja. Mtu akishika jumla peke yake atasifu chumba ambamo mmoja ameachwa nyuma. Kipimo ni kizuri, lakini hakisemi mfanyakazi yule amewekwa wapi na nani.

Mimi naona jawabu la kwanza si kuchagua kati ya hizo mbili. Ni kuupanua mdomo wa jerikani ya mama yule. Ruta isogezwe kutoka chumba cha mkurugenzi mpaka katikati ya korido. Tuseme chombo cha mbali sasa kinafikia megabiti 24 na wengine wanabaki 54. Zamu yake inachukua 2.25 badala ya 9, mzunguko ni 6.25, na kila mtu anapata megabiti 8.64. Hakuna aliyepokonywa kitu, na gharama ni msumari na mita chache za waya. Waya ukifika mpaka kwenye meza yake, chombo chake kitatoka kabisa katika foleni ya hewani. Ni ajabu jinsi ofisi zinavyosahau waya.

Mwakilishi ajue jambo jingine, maana mafundi wa kuuza ruta hawalisemi. Katika ruta nyingi iko swichi ya "usawa wa muda wa hewani". Mara nyingi swichi hiyo inatawala kile ambacho ruta yenyewe inatoa, yaani kupakua kwenu. Simu na kompyuta zinapopakia zinajichukulia zamu zenyewe, na swichi haizifikii moja kwa moja. Ukiambiwa "tumewasha usawa", uliza: wa kupakua au wa kupakia?

Aina mpya ya waifai inayoitwa Wi-Fi 6, ambayo kanuni zake zilipitishwa mwaka 2021, ilijaribu kuziba pengo hilo. Humo ruta inaweza kutoa amri: wewe, wewe na wewe, pelekeni sasa hivi pamoja, kila mmoja katika kipande chake cha masafa. Ni kama kulitia bomba midomo kadhaa. Lakini chombo cha zamani hakielewi amri hiyo. Kinaendelea na bahati nasibu yake kama zamani, na ofisi zetu zimejaa vyombo vya zamani.

WASIOSIKIANA

Kusikiliza kabla ya kusema kunafaa tu kama mnasikiana. Watu wawili walio pande mbili za kilima hawaonani, ingawa aliye kileleni anawaona wote wawili. Ofisini ukuta ndio kilima. Mmoja yuko chumba cha kushoto, mwingine kulia, ruta iko kati. Kila mmoja anadhani njia ni kimya, wote wanasema, na kwenye ruta ni fujo. Kila mmoja anakosa jibu, anapanua bahati nasibu yake, anangoja zaidi. Hawa ndio wale wanaosema "alama ya mtandao imejaa lakini hakuna kinachokwenda", na wanachekwa. Iko kanuni ya kuomba ruhusa kwanza kwa neno fupi, na ruta ikatangaza kwa wote "nyamazeni, fulani anasema". Inasaidia mafaili makubwa. Kwa vitu vidogo kama risiti inaongeza maneno bure.

FOLENI YA LANGONI

Data ikishavuka hewa ya chumba inafika langoni, pale ruta inapoipeleka kwa kampuni ya intaneti. Hapa tatizo ni jingine kabisa, na mara nyingi ndilo kubwa zaidi. Tuseme ofisi inalipia megabiti 10 za kupakia. Kamera nne za ulinzi zinazopeleka picha nje usiku na mchana, kila moja megabiti 2, zimekwisha kula 8. Wafanyakazi wote wanagombania 2. Kamera haiandikwi kwenye karatasi ya mwisho wa mwezi!

Ruta ikizidiwa inaweka data kwenye foleni. Foleni ya kilobaiti 256 mbele ya njia ya megabiti 1 ni karibu sekunde 2 za kungoja. Risiti ndogo, ambayo ingepita kufumba na kufumbua, inasimama nyuma ya video ya mtu mmoja kama abiria mwenye kikapu aliyekwama Nyabugogo nyuma ya lori. Hata wanaopakua wanaumia, kwa sababu kila wanachopokea lazima wakijibu "nimepokea", na majibu hayo nayo yamo katika foleni ile ile ya kupeleka. Ndiyo maana mtu mmoja anayepakia anaweza kukwamisha chumba kizima kinachosoma tu.

Ugonjwa huu si mpya. Oktoba 1986, huko Berkeley, Marekani, njia kati ya maabara moja na chuo kikuu, majengo yasiyofika hata nusu kilomita, ilishuka kutoka biti 32,000 kwa sekunde mpaka biti 40. Van Jacobson alichunguza sababu na mwaka 1988 akaandika kanuni za kuifanya kompyuta inayopeleka ipunguze mwendo yenyewe ikiona vipande vyake vinapotea. Kabla yake, mwaka 1985, John Nagle alikuwa amependekeza kwamba langoni kusiwe na foleni moja. Kila mpelekaji awe na foleni yake, na lango lichukue kipande kimoja kutoka kila foleni kwa zamu. Mwenye mzigo mkubwa anajichelewesha mwenyewe, mwenye risiti anapita. Wazo hilo, likiunganishwa na kanuni ya kuzuia foleni zisirefuke iliyotolewa mwaka 2012 na Kathleen Nichols na huyo huyo Jacobson, leo limo katika programu huria za ruta kama OpenWrt, bila malipo. Kazi ya fundi ni kuiwasha na kuipa namba ya kweli ya kupakia, pungufu kidogo ya ile inayolipiwa, ili foleni ikae kwake na si kwa kampuni.

Ila ujanja haukosekani. Foleni zikigawanywa kwa kila mawasiliano, programu inayofungua mawasiliano 20 kwa mara moja inajipatia mafungu 20. Ni sawa na mtu aliyeleta jerikani 20 na kuzitia mistari 20. Bob Briscoe aliandika mwaka 2007 akilaumu wahandisi kwa kuuita huo usawa. Tuombe basi foleni zigawanywe kwa chombo, si kwa mawasiliano, na kamera zihesabiwe pamoja kama mtu mmoja.

Kwenye mnara wa simu mambo yamepangwa vingine. Simu haijichukulii zamu ya data: inaomba, na mnara unaipangia muda na masafa. Mpangaji wa mnara kwa kawaida anatazama mambo mawili, nani ana hali nzuri sasa hivi na nani amepata kidogo siku za karibuni, ili asimsahau wa pembezoni. Uzito anaotoa kwa kila jambo anauchagua mwenye mtandao.

KWA MWAKILISHI

Sheria ya kazi Na. 66/2018 ya tarehe 30/08/2018 inatambua wawakilishi wa wafanyakazi na majadiliano ya pamoja. Mtandao haumo kwa jina, lakini vifaa vya kazi na jinsi kazi inavyohesabiwa ni mambo ya kujadiliwa. Kabla ya kukubali karatasi ya fomu 400 na 250, ombeni kujua mkataba unasema megabiti ngapi za kupakia, ruta iko wapi na nani wako mbali nayo, na kamera zinakula kiasi gani.

Wala msingoje kupewa majibu yote. Fanyeni jaribio hili katika kikundi chenu, saa ya kazi, siku mbili tofauti. Watu wawili wenye simu za aina moja wakae karibu na ruta, wapakie pamoja faili lile lile la megabaiti 100, na wa tatu aandike dakika. Kisha mmoja ahamie mwisho wa korido, warudie. Andikeni dakika za wote wawili, si za aliyehama tu. Mara ya tatu, mmoja apakie na mwenzake atoe risiti moja. Andikeni sekunde za risiti. Fungeni karatasi hiyo pamoja na ile ya msimamizi, na mkutano ujao mkae nazo zote mbili mezani.